Kamera Ipi ya Dijitali Itakufaa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mabishano kuhusu kamera huanzia kwenye jina la kampuni, na mara nyingi hayatoki hapo. Majibu haya yanaanzia kwingine: mwanga unaingiaje, unaangukia sensa (kipande cha ndani kinachogeuza mwanga kuwa picha) ya ukubwa gani, na picha itatumika wapi. Msimamo wetu tunautaja mapema. Fedha yako ipe lenzi kwanza, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) baadaye, na aina ya kamera uichague kwa kazi unayoifanya kila wiki.

Aina za kamera za dijitali ni zipi hasa?

Ukiacha simu janja, kuna kamera ndogo ya mfukoni ambayo lenzi yake haibadilishwi. Kamera ya zumu refu, yenye umbo la kamera kubwa lakini sensa ndogo na lenzi iliyofungwa moja kwa moja kwenye bodi. DSLR, yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha. Kamera isiyo na kioo, nayo ya kubadilisha lenzi. Na kamera za kufunga kwenye kofia au baiskeli, kama GoPro. Zipo pia kamera za fomati ya kati zenye sensa ya takriban milimita 44 kwa 33. Hizo ni za studio na machapisho makubwa, na hatutazizungumzia zaidi hapa.

DSLR na kamera isiyo na kioo zinatofautiana nini ndani?

Kwenye DSLR, mwanga ukipita kwenye lenzi hukutana na kioo kilichoinama nyuzi 45. Kioo hicho huupandisha juu hadi kwenye prizimu, kisha machoni mwako. Sehemu ndogo ya mwanga hupenya na kushushwa na kioo cha pili hadi kwenye kipimio cha fokasi (ukali wa picha pale unapolenga) kilicho sakafuni mwa kamera. Ukibonyeza, kioo kinainuka, shata (pazia la mbele ya sensa) inafunguka, sensa inapata picha, kioo kinarudi. Huo mlio wa "klaki" unaousikia sehemu yake kubwa ni kioo.

Kamera isiyo na kioo imeondoa safari hiyo yote. Mwanga unatua kwenye sensa muda wote, na unachokiona kwenye skrini au kwenye dirisha la kuchungulia ni video inayotoka kwenye sensa hiyohiyo.

Tofauti hiyo moja inazaa nyingine kadhaa. Kwanza, unene. DSLR ya Canon inahitaji milimita 44 kati ya mdomo wa lenzi (pale lenzi inapofungwa kwenye bodi) na sensa, ya Nikon milimita 46.5. Bila kioo, Canon RF inatumia milimita 20, Sony E milimita 18 na Nikon Z milimita 16. Pili, fokasi. DSLR hupima fokasi mahali pamoja na kupigia picha mahali pengine. Kipimio kikihama hata kwa sehemu ndogo ya milimita, unalenga jicho na sikio ndilo linalotoka kali. Baadhi ya DSLR zina menyu ya kusahihisha hilo kwa kila lenzi. Za bei ya chini nyingi hazina. Kamera isiyo na kioo hupima fokasi kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo kosa hilo halipo. Tatu, unaona mwangaza wa picha kabla hujabonyeza. Mwanafunzi wa upigaji picha anafaidika sana na hili la tatu, kwa sababu akigeuza ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) au tundu la lenzi (njia inayopitisha mwanga) anaona matokeo papo hapo.

DSLR nayo ina lake. Dirisha lake ni la macho matupu: halicheleweshi, halichoshi jicho, wala halili betri.

Kwa hiyo DSLR zimekufa?

Kama bidhaa mpya, zimekaribia. Panasonic ilitoa Lumix G1 mwaka 2008, Sony ikaleta a7 yenye sensa ya fremu kamili (milimita 36 kwa 24) mwaka 2013, na mwaka 2018 Canon na Nikon nazo zikaanzisha midomo mipya ya lenzi, RF na Z. Tangu hapo nguvu za uvumbuzi zimehamia huko. Pentax ndiyo iliyobaki na msimamo wa kutengeneza DSLR.

Kama chombo cha kazi, hapana. Sensa ya DSLR ya mwaka 2014 yenye megapikseli 24 inatoa picha ambayo mtazamaji hawezi kuitofautisha na ya kamera mpya kwa mwanga mzuri. Mwenye fedha kidogo atapata bodi ya DSLR iliyotumika pamoja na lenzi mbili nzuri kwa kiasi ambacho kingemnunulia bodi mpya isiyo na kioo na lenzi moja hafifu. Hapo sisi tunashauri DSLR bila kusita. Lakini anayenunua vitu vipya na anapanga kuongeza lenzi kwa miaka kumi ijayo, aanze na kamera isiyo na kioo, kwa sababu lenzi mpya zinatoka upande huo.

Ukubwa wa sensa una maana gani, na kwa nini mnausisitiza?

Kwa sababu sensa ndiyo eneo linalopokea mwanga. Vipimo hivi vinafaa kukumbukwa, vyote kwa milimita: fremu kamili ni 36 kwa 24, APS-C ya Nikon, Sony na Fujifilm ni takriban 23.5 kwa 15.6, na ya Canon ni ndogo kidogo, 22.3 kwa 14.9, Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13. "Inchi 1" ni 13.2 kwa 8.8, na ile ya kamera nyingi za bei nafuu, "1/2.3", ni takriban 6.2 kwa 4.6.

Usidanganywe na neno inchi. Sensa ya "inchi 1" ina mshazari wa milimita 16 hivi, wakati inchi halisi ni milimita 25.4. Majina hayo yalirithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani, ambayo ilipimwa kwa kipenyo cha nje cha mrija. Tazama milimita tu.

Sasa piga hesabu ya eneo. Fremu kamili ina milimita za mraba 864, APS-C kama 367, Micro Four Thirds 225, inchi 1 ina 116, na 1/2.3 ina 28 tu. Kwa tundu lilelile la lenzi na kasi ileile ya shata, fremu kamili inakusanya mwanga mara mbili na kidogo kuliko APS-C, karibu mara nne kuliko Micro Four Thirds, na mara 30 kuliko 1/2.3. Kila mara mwanga unapozidi maradufu tunasema stopu moja. Kwa hiyo kutoka APS-C kwenda fremu kamili unapata stopu moja na robo: picha ya ISO 6400 kwenye fremu kamili ina chenga (vipunje visivyotakiwa) zinazokaribiana na za ISO 2700 hivi kwenye APS-C ya kizazi kilekile.

Je, stopu moja na robo inastahili uzito na gharama ya ziada? Kwa anayepiga harusi za usiku, ndiyo. Kwa anayepiga bidhaa kwenye meza yenye taa mbili na stendi, hataona faida yoyote, kwa sababu yeye anatumia ISO 100 na anaweza kuacha shata wazi kwa sekunde nzima.

Lenzi ya milimita 50 inabadilika ikiwekwa kwenye sensa ndogo?

Lenzi haibadiliki. Inachotupa ni kilekile. Sensa ndogo inakata katikati tu, na ndiyo maana picha inaonekana kuvutwa karibu. Ili kulinganisha, zidisha milimita za lenzi kwa 1.5 kwenye APS-C (1.6 kwa Canon), kwa 2 kwenye Micro Four Thirds, na kwa 2.7 kwenye sensa ya inchi 1. Lenzi ya 50 kwenye APS-C inaona upana wa 75 ya fremu kamili: nzuri kwa sura za watu, finyu ndani ya chumba.

Watangazaji huzidisha milimita na kuiacha namba ya f (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu pana) kama ilivyo. Kwa mwangaza wa picha, f/2.8 ni f/2.8 popote. Lakini kwa kina cha fokasi, yaani jinsi mandhari ya nyuma yanavyofifia, nayo inazidishwa. Lenzi ya milimita 25 yenye f/1.4 kwenye Micro Four Thirds inatoa upana na ufifiaji wa 50 yenye f/2.8 kwenye fremu kamili. Anayetaka mandhari ya nyuma yayeyuke kabisa akumbuke hesabu hiyo kabla ya kuchagua mfumo.

Megapikseli ngapi zinatosha?

Anza na mahali picha inapokwenda. Skrini ya 4K nzima ni pikseli 3840 kwa 2160, megapikseli 8.3. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji 8.7. A3 inahitaji 17.4. Kwa hiyo megapikseli 24, yaani pikseli 6000 kwa 4000, zinajaza A3 na kubakisha nafasi ya kukata pembeni. Mabango makubwa hutazamwa kutoka mbali na hayahitaji nukta 300.

Jambo ambalo wengi hawalipigi hesabu: ukipandisha megapikseli mara mbili, urefu na upana wa picha havipandi mara mbili. Vinapanda kwa mara 1.4 tu. Ili picha iwe na pikseli mara mbili kwa kila upande, unahitaji megapikseli mara nne. Ukitoka 24 kwenda 33, tofauti ni asilimia 17 kwa upande. Huioni bila kulinganisha picha mbili zikiwa kando kwa kando, wakati mafaili makubwa zaidi utayahisi kila siku kwenye diski na kwenye kompyuta.

Megapikseli nyingi zinafaa kwa anayekata sana: ndege wa mbali, wanyama, vitambaa na vito. Nazo zinadai lenzi kali na mkono uliotulia.

Simu yangu ina megapikseli 50. Kamera ya 24 itanisaidia nini?

Sensa kuu ya simu kubwa nyingi za leo ni takriban milimita 9.8 kwa 7.3. Hizo megapikseli 50 kwa kawaida huunganishwa nne nne kutoa picha ya 12.5. Nguvu ya simu iko kwenye programu: inapiga fremu kadhaa haraka, inazilinganisha, inazipanga juu ya nyingine na kufuta chenga. Kwa mandhari tulivu, chakula mezani, au jengo usiku, matokeo ni mazuri kweli, na hatuoni sababu ya kumwambia mtu wa aina hiyo anunue kamera.

Simu inashindwa pale vitu vinapokwenda. Fremu zilizopangwa haziwezi kukubaliana mtoto anapokimbia, na mikono yake inatoka imepakaa. Inashindwa pia kwa umbali, maana zumu ya kidole mara nyingi ni kukata tu. Na ule ufifiaji wa nyuma ya mtu ni wa kukisiwa: kuza picha utazame ukingo wa nywele, utakuta nyuzi zimekatwa kama kwa mkasi, au tundu la hereni halijafifishwa wakati kila kitu nyuma yake kimefifia. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 kwenye APS-C haikisii chochote.

Kamera ya zumu mara 80 si bora kuliko kubeba lenzi tatu?

Kwa mwangaza wa mchana na kwa anayetaka kumtambua ndege, ni chombo cha ajabu na tunakipenda. Nikon Coolpix P900 ya mwaka 2015 inatoka 24 hadi sawa na milimita 2000. Hakuna lenzi ya kubeba begani inayofika huko kwenye fremu kamili.

Fizikia lakini inadai haki yake. Sensa yake ni ile 1/2.3, na mwisho wa zumu tundu ni f/6.5. Kwa tundu hilo, mwanga unaopita kwenye lenzi hutawanyika: nukta moja kali inakuwa kiduara cha upana wa maikromita 8.7 hivi, ilhali pikseli ya sensa hiyo ni maikromita 1.3. Nukta moja inafunika zaidi ya pikseli sita kwa upana. Megapikseli 16 unazo kwenye karatasi, lakini undani huo haumo kwenye faili. Jioni, kamera inapandisha ISO na manyoya ya ndege yanakuwa rojo. Na joto linalopanda kutoka ardhini saa sita mchana litaharibu picha ya umbali wa mita 300 hata lenzi ikiwa bora kuliko zote, kwa hiyo piga asubuhi.

Bodi nzuri na lenzi ya kawaida, au bodi ya kawaida na lenzi nzuri?

Ya pili.

Lenzi inayokuja na kamera, ile 18-55 ya f/3.5-5.6, si mbaya. Ila kwenye milimita 55 inafunguka f/5.6 tu. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inapitisha mwanga mara tisa na zaidi ya hapo: pale ulipolazimika kutumia ISO 6400, sasa unatumia 640. Hakuna bodi utakayonunua itakayokupa ruka kubwa kama hilo. Na lenzi hukaa nawe bodi tatu zikipita.

Naweza kutumia lenzi zangu za DSLR kwenye kamera isiyo na kioo?

Mara nyingi ndiyo, kwa adapta, kwa sababu nafasi ya kioo imebaki tupu na adapta inaijaza. Kutoka Canon EF kwenda RF ni bomba la milimita 24 lisilo na vioo vya lenzi ndani. Ubora haupungui, na fokasi hufanya kazi kwa kuwa lenzi za EF zina mota zao wenyewe. Kwa Nikon angalia kwanza. Lenzi za zamani za AF na AF-D hazina mota. Zilizungushwa na bisibisi iliyomo ndani ya bodi ya DSLR, na adapta ya Nikon kwenda Z, iitwayo FTZ, haina bisibisi hiyo. Zitapiga picha, ila fokasi utaizungusha kwa mkono.

Kinyume chake haiwezekani: lenzi ya kamera isiyo na kioo haifanyi kazi kwenye DSLR, kwa sababu haiwezi kukaa karibu na sensa kiasi inachotaka.

Chunguza pia kama lenzi ni ya APS-C. Ukiiweka kwenye bodi ya fremu kamili, bodi itakata katikati, na megapikseli 24 zinabaki kama 10.

Shata ya kielektroniki haina mlio. Kwa nini nisiitumie muda wote?

Kwa sababu sensa nyingi hazisomwi kwa mara moja. Zinasomwa mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini, na kwenye kamera nyingi za bei ya kati kazi hiyo inachukua kama 1/20 ya sekunde. Shata ya pazia inapita kwa 1/250 hivi. Katika hiyo 1/20, mpira wa gofu unarefuka kuwa yai, fimbo inapinda, na nguzo zinazoonekana kutoka dirisha la gari zinalala upande.

Taa nazo zinaleta michirizi. Umeme wa hezi 50 unawasha na kufifisha taa mara 100 kwa sekunde. Sensa ikisomwa kwa 1/20, katika muda huo taa imepepesa mara tano, na picha yako inatoka na mikanda mitano ya giza iliyolala. Dawa ni kushusha kasi ya shata hadi 1/100 au 1/50 ili kila mstari upate mpepeso mzima. Penye umeme wa hezi 60 tumia 1/120 au 1/60. Kwa taa za LED zinazopepesa kwa kasi kubwa dawa hiyo haitoshi, rudi kwenye shata ya pazia.

Kamera za juu zimeshavuka tatizo hili. Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina shata ya pazia kabisa, maana sensa yake inasomwa haraka mno, na Sony a9 III iliyotangazwa mwaka 2023 inasoma sensa nzima kwa pamoja.

Nataka zaidi video. Nitazame nini?

Kamera isiyo na kioo, bila mjadala mrefu. DSLR ikirekodi lazima iinue kioo, dirisha linakuwa giza, na nyingi zinafanya fokasi ya video kwa kusitasita. Kisha uliza maswali manne kabla ya kulipa. 4K inatumia upana mzima wa sensa au inakata? Bodi ikikata kwa 1.5 juu ya APS-C, lenzi yako pana ya 18 inakuwa kama 40 na chumba hakiingii tena. Inarekodi dakika ngapi kabla ya kupata joto na kujizima? Ina tundu la maikrofoni? Na rangi zinarekodiwa kwa biti 8 au 10? Biti 8 zinatosha kwa video isiyoguswa sana; ukianza kubadilisha rangi ya anga, biti 8 zitaonyesha ngazi ngazi.

Betri: ni kweli kamera zisizo na kioo zinakula sana?

Ni kweli, kwa kuwa sensa na skrini vinawaka muda wote unapotazama. Kwa kipimo cha CIPA (chama cha watengenezaji kamera cha Japani), Nikon D850, ambayo ni DSLR, inapiga picha 1,840 kwa chaji moja; Sony a7 III inapiga 610 kwa dirisha na 710 kwa skrini. Kwa vitendo ukipiga mfululizo unazidi namba hizo. Nunua betri ya pili siku ileile, na punguza muda wa kamera kujizima uwe dakika moja.

Kadi ya aina gani?

Kwa picha za kawaida, SD ya UHS-I (daraja la kawaida la kasi ya kadi) inatosha. Kwa video tazama herufi V: V30 inahakikisha megabaiti 30 kwa sekunde. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 tu, kwa hiyo V30 inaibeba bila shida, na saa moja inajaza gigabaiti 45. UHS-II ina safu ya pili ya viguso vya umeme nyuma ya kadi. Haikupi kasi yoyote ya ziada kama kamera yako haina safu hiyo.

Kadi bandia ni nyingi. Zinajitangaza gigabaiti 128 na ndani zina 8, na baada ya hapo zinaandika juu ya picha zako za awali bila kulalamika. Kila kadi mpya ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, kabla ya kuipeleka kazini. Kisha ifomati ndani ya kamera.

RAW au JPEG?

JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, ngazi 256. RAW, yaani data ghafi ya sensa, ya biti 14 ina ngazi 16,384. Bibi harusi akiwa na gauni jeupe kwenye jua na bwana harusi suti nyeusi kivulini, RAW inakuruhusu kupandisha kivuli na kurudisha nyuzi za gauni. JPEG imeshazitupa. Hata rangi ya taa ukikosea, RAW inarekebishika bila hasara. Kwa picha 600 za mkutano zinazotakiwa jioni hiyohiyo, piga JPEG na uweke rangi sawa mapema.

Nanunua kamera iliyotumika. Nikague nini?

Nenda na kadi yako, betri iliyojaa kama unayo, tochi ndogo na karatasi ya gazeti. Nusu saa inatosha.

Anza na lenzi. Ifungue tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa mbele ukiinamisha kidogo. Vumbi dogo halidhuru. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zenye matawi kama mizizi, mara nyingi zikianzia ukingoni mwa kioo: hiyo ni kuvu, na ikikaa muda mrefu inakula rangi ya kinga hadi kioo kinabaki na alama hata baada ya kusafishwa. Kisha tazama majani ya tundu. Yakiwa na mafuta yanayong'aa, yatachelewa kujifunga na picha zitakuwa na mwanga kupita kiasi.

Bandika gazeti ukutani, piga likiwa limenyooka mbele ya lenzi, tundu wazi kabisa. Linganisha pembe nne. Zikififia zote sawa, ni kawaida ya lenzi. Ikififia moja peke yake, kioo cha ndani kimehama, pengine lenzi iliwahi kuanguka.

Kwenye bodi, funika lenzi na upige mara mbili kwa ISO 100: moja ya 1/60, nyingine ya sekunde 30. Vinukta vichache vya rangi kwenye ya sekunde 30 ni kawaida. Vikionekana kwenye 1/60, sensa ina pikseli zilizoungua. Halafu weka f/22, elekeza anga au ukuta mweupe, na utazame madoa. Madoa yenye ukingo laini ni vumbi na yanasafishika. Mkwaruzo mkali usiohama baada ya kusafisha ni hasara ya sensa nzima.

Idadi ya mibonyezo ya shata uliza, lakini usiiabudu. Bodi za kuanzia kwa kawaida hukadiriwa 100,000, za kati 150,000 hadi 200,000, za wataalamu 400,000 na zaidi. Nikon na Pentax huiandika ndani ya faili la picha na programu ya ExifTool inaisoma. Canon nyingi haziandiki humo. Bodi yenye mibonyezo 60,000 iliyotunzwa ni bora kuliko ya 8,000 iliyokaa miaka ndani ya kabati lenye unyevu.

Mwisho: chungulia pini za tundu la kadi, sukuma mlango wa betri, gusa mpira wa mshikio kama unabanduka. Betri iliyovimba ikataliwe hapohapo. Ukiitikisa kamera imezimwa na kusikia kitu kinagongagonga, usikimbie: bodi nyingi zenye kituliza-mtikisiko huacha sensa huru zikizimwa. Iwashe, mlio utaisha.

Picha zangu zina ukungu. Nibadilishe kamera?

Kuza picha hadi asilimia 100 kwanza. Kama kila kitu kimevutwa kuelekea upande mmoja, ni mkono wako: kasi ya shata iwe angalau moja gawanya kwa milimita za lenzi zilizozidishwa, yaani lenzi ya 200 kwenye APS-C itumie 1/300 au zaidi. Kama ukuta ni mkali na mtu amepakaa, ni yeye aliyesogea, na kituliza-mtikisiko hakiwezi kumsaidia. Panda hadi 1/250 kwa anayetembea, 1/1000 kwa anayekimbia. Kama kuna mahali pakali lakini si ulipolenga, ni fokasi: chagua nukta moja mwenyewe au washa utambuzi wa macho. Kama picha nzima ni laini na rangi zimefifia, futa lenzi. Alama ya kidole hufanya hivyo.

Niitunzeje isiingie kuvu na vumbi?

Kuvu hupenda unyevu wa zaidi ya asilimia 60, giza na hewa isiyotembea, yaani ndani ya begi hasa. Tumia ndoo ya plastiki inayofunga vizuri, kipimio cha unyevu, na silika jeli ya kutosha kushusha unyevu hadi asilimia 40 au 50. Punje za rangi ya chungwa zikigeuka kijani, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzijoto 110 hadi 120 kwa saa mbili hivi, zipoe, zirudishe. Lenzi isiyotumika itolewe juani kidogo kila baada ya wiki chache, kofia zikiwa zimevuliwa, lakini usiielekeze kwenye jua ikiwa kwenye kamera. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda joto la nje, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, la sivyo mvuke utaganda kwenye vioo.

Kamera isiyo na kioo kwa kawaida inaacha sensa wazi unapobadilisha lenzi, kwa hiyo izime, ielekeze chini, na uwe na lenzi ya pili tayari mkononi. Vumbi likiingia, tumia pampu ya mpira ya kupuliza, kamera ikiwa imetazama chini na betri imejaa. Usipulize kwa mdomo, mate yanaacha madoa. Kopo la hewa ya kubanwa nalo liache, kwani linaweza kurusha kimiminika baridi kwenye sensa. Doa lisipotoka kwa pampu, tumia kitambaa maalumu chenye upana wa sensa yako na matone mawili ya kimiminika chake, pitisha mara moja kwenda na mara moja kurudi kwa upande wa pili, kisha kitupe. Usikirudishe kwa mara ya tatu, maana punje iliyokamatwa safari ya kwanza ndiyo itakayokwaruza.